Wiki na mbwa wa Mzee: kumfuata bobkati kwenye theluji ya Maine

Alhamisi usiku

Shem kanipigia ndo natoka kazini, ananiambia theluji inaanza kudondoka saa tatu usiku na itakata kwenye saa nane hivi, jiandae saa kumi alfajiri tunatoka. Kwa watu wanaowinda na mbwa hii ndo hali ya hewa wanayoiombea kuliko zote. Theluji ikikata saa nane usiku, basi unyayo wowote utakaoukuta asubuhi umekanyagwa baada ya saa nane, hamna kubahatisha, mnyama kapita hapo ndani ya masaa machache na harufu yake bado ipo chini.

Kwa msiomjua, Shem ni mdogo wake mke wangu, kazaliwa Uvira, kakulia kambi ya Nyarugusu pale Kasulu, yaani mkoa wangu kabisa wa Kigoma, na ukoo wao ukaja kupangiwa makazi huku Lewiston, Maine, ambako siku hizi Kiswahili unakisikia mpaka kwenye foleni ya duka la unga. Anafanya kazi kwenye mbao na Mzee mmoja mwenyeji wa huku ambaye amefuga mbwa wa kuwindia tangu akiwa kijana mdogo. Mzee alimzoesha kidogo kidogo, kwanza kulisha mbwa, halafu kuwafunga kola, halafu kuingia nao porini, mpaka Shem akakata leseni yake na kununua mbwa wake mwenyewe, anaitwa Popi, ana mwaka na miezi michache. Mimi sina leseni wala bunduki, naenda na kamera, viatu vya theluji vya kuazima na chupa mbili za chai.

Bobkati mwenyewe ni paka pori wa Amerika Kaskazini. Dume la huku linafika kilo 9 mpaka 14, jike dogo kuliko hapo, manyoya ya kijivu na kahawia yenye madoa, mkia mfupi kama kiganja, masikio yamechongoka. Ukiwahi kumuona simbamangu Serengeti utapata picha ya karibu. Anakula sungura, kindi, ndege wa ardhini, na baridi ikikaza dume kubwa linaweza kumuangusha hata kulungu.

Ijumaa

Barabara namba 4 kuelekea kaskazini, Turner, Livermore, Jay, Wilton, giza tupu na greda la theluji mbele yetu sehemu kubwa ya njia. Pale Farmington Shem akanionyesha kibao, ndo mji wa Chester Greenwood aliyesajili vile vikinga masikio vya baridi mwaka 1877, na aisee siku hiyo nilimuombea dua huyo bwana maana kufika Phillips kipimo kwenye pikapu ya Mzee kilisoma nyuzi 17 chini ya sifuri.

Mzee ana kibanda cha mbao nje kidogo ya mji, karibu na mto Sandy, jiko la kuni katikati, vitanda vya juu na chini. Hatukukaa. Tulimwaga mizigo, tukanywa kahawa tumesimama, mbwa wakaingia kwenye boksi nyuma ya pikapu.

Acha niwatambulishe hawa mbwa maana wiki nzima ni yao. Ruby ni jike la aina ya Treeing Walker, jeupe lenye mabaka meusi na kahawia, ana miaka minane na ndiye mwalimu. Hank ni Plott, manyoya ya michirizi ya giza, kifua kipana. Ukoo wa mbwa hawa uliletwa kutoka Ujerumani na familia ya Plott karne ya 18, wakakaa milimani North Carolina wakiwinda dubu, na tangu 1989 ndo mbwa rasmi wa jimbo lile. Belle ni Bluetick, madoadoa ya kijivu mwili mzima, sauti yake nzito inasikika bonde la pili. Halafu Popi, Walker mwenzake Ruby, miguu mirefu, haraka nyingi.

Kazi yenyewe asubuhi ni kuendesha gari taratibu kwenye barabara za magogo, kilomita kumi na tano kwa saa, vichwa nje ya dirisha, macho kwenye ukingo wa theluji. Nyayo ni nyingi kuliko unavyofikiria. Sungura, kindi, koyote (aina ya mbwa mwitu mdogo wa huku), kulungu wale wa mkia mweupe. Mzee akaona moja akasimamisha gari, tukashuka. Akanipigisha magoti kabisa niutazame. Unyayo wa bobkati ni wa duara, upana kama sentimita 5, vidole vinne, na hauna alama za kucha kwa sababu paka anazificha akitembea, wakati koyote na mbwa kucha zinaonekana mbele ya vidole. Halafu vidole havijapangana sawasawa, kuna kimoja kimetangulia, na mguu wa nyuma unaingia mulemule ulipotoka wa mbele, kwa hiyo unaona mstari mmoja mwembamba umenyooka kama mnyama ana miguu miwili. Mzee akavua glavu akagusa ukingo wa unyayo kwa kidole. Ukiwa mpya ukingo ni laini, unabomoka kama unga, ukiwa wa jana umeshakakamaa.

Ulikuwa mpya. Ila hakufungulia mbwa. Tukarudi kwenye gari tukazunguka kile kipande chote cha msitu kwa barabara nyingine ili kuona kama paka ametokea upande wa pili, na kweli alikuwa katoka, kavuka barabara kaingia kipande kingine, tukazunguka na hicho, safari hii hakuna unyayo wa kutoka. Ina maana yumo ndani. Kwa kuzunguka tu tuliokoa masaa mengi ya miguu ya mbwa.

Akamfungua Ruby peke yake kwanza. Ruby akaweka pua kwenye unyayo, mkia ukaanza kutikisika, akatoa sauti moja ndefu ya kulia mpaka nywele zilinisimama. Akafuata Hank, Belle, mwisho Popi. Dakika kumi za kwanza sauti zote nne zinaenda pamoja juu ya mlima. Halafu ikasikika sauti moja imejitenga inashuka kulia, inaenda kasi mno. Shem akatazama skrini ya GPS inayoonyesha kola za mbwa ziko wapi, akasema kwa sauti ndogo, "Popi kashika njia ya kulungu."

Hapo ndo nilianza kuelewa huu mchezo ulivyo. Harufu ya kulungu ni kali, nzito, imejaa kila mahali, na mbwa yeyote mwenye pua ataitaka. Harufu ya bobkati ni hafifu, watu wa mbwa wanasema katika wanyama wote wanaokimbilia juu ya mti wakifukuzwa na mbwa huyu ndo mgumu kumfuata. Kumfundisha mbwa anuse paka ni kazi, lakini kazi kubwa zaidi ni kumfundisha aache vile vingine vyote vinavyomwita njiani. Na si suala la ufundi peke yake, kuacha mbwa afukuze kulungu huku ni kosa kisheria, na kulungu wa Januari anaishi kwa mafuta aliyobakiza mwilini, ukimkimbiza kwenye theluji ya kiunoni unamuua hata kama hakuna aliyemgusa.

Shem alimpa Popi onyo la mlio kwenye kola, akapuuza, akampa shoti ndogo, akasimama. Tulimfuata kwa viatu vya theluji, tukamkuta kakaa kwenye njia ya kulungu ulimi nje. Shem hakumpiga wala kumfokea. Alimfunga kamba akamwambia kwa Kiswahili, "Hapana Popi, huyo si wetu," akampeleka mpaka kwenye unyayo wa paka akamuonyesha kwa kidole, halafu akamrudisha kwenye boksi, siku yake ikaishia hapo. Wale watatu wakubwa waliendelea mpaka saa sita, paka akawapoteza kwenye kinamasi chenye mierezi iliyobanana, Ruby akarudi mwenyewe barabarani. Saa kumi na nusu jioni jua limezama. Ndiyo, saa kumi na nusu. Januari ya huku ndo iko hivyo.

Jumamosi

Baridi imepungua, nyuzi 6 chini ya sifuri, mawingu. Mzee alikuwa na furaha tangu kwenye chai, kwa sababu theluji kavu ya baridi kali haishiki harufu vizuri, ila ikiwa na unyevu kidogo pua inafanya kazi.

Tulipata unyayo mapema, lakini karibu yake kulikuwa na mingine miwili midogo inatembea sambamba. Mzee akatazama akapanda gari bila kusema kitu. Baadaye akaeleza kwamba watoto wa bobkati wanazaliwa majira ya kuchipua na wengi wanabaki na mama mpaka baridi inakaribia kuisha, kwa hiyo nyayo mbili tatu kwa pamoja kwake yeye ni familia, hafungulii mbwa. Hajaandikiwa na mtu hiyo, ni utaratibu wake.

Unyayo wa pili ulikuwa wa dume, mkubwa, unapita katikati ya barabara. Saa mbili na robo asubuhi mbwa walikuwa chini, Popi kafungiwa kwenye boksi analia.

Sijui nitawaelezaje zile masaa. Ukisikia watu wanasema kuwinda na mbwa ni rahisi, mbwa wanafanya kila kitu, mtu kama huyo hajawahi kupanda mlima na viatu vya theluji huku anasikiliza. Mzee alikuwa anasimama kila hatua ishirini, kofia kainua sikio moja, ananitafsiria. Sasa hivi Ruby anafanya kazi peke yake, sauti moja moja, maana yake harufu ni ya zamani kidogo. Sasa Belle kaungana. Halafu sauti zikapanda ghafla zote kwa pamoja, akasema ameamka, yaani paka alikuwa amelala mahali, mbwa wamemuamsha, sasa wanakimbia kwa harufu ya moto. Paka akaanza vituko vyake. Alitembea juu ya gogo lililoanguka akaruka pembeni, mbwa wakapita moja kwa moja, wakarudi. Alizunguka kwenye kichaka cha misonobari midogo mara tatu nne kwenye njia yake mwenyewe mpaka harufu zikachanganyika. Alivuka kijito juu ya barafu nyembamba, hapo Mzee alikaa kimya kabisa mpaka alama zote tatu kwenye skrini zilipofika ng'ambo, maana mbwa mzito kama Hank akizama chini ya barafu ndo basi.

Kwenye saa saba mchana sauti zikasimama sehemu moja, lakini hazikuwa zile sauti za mti. Mbwa akiwa kwenye njia analia kwa kuvuta, akifika kwenye mti anabadilisha, anabweka kwa kukata kata, haraka, bila kupumzika. Hizi zilikuwa katikati, zimechanganyikiwa. Tulipofika tukakuta jabali kubwa limepasuka pasuka, mawe makubwa kama magari yamelaliana, mashimo kila mahali, na mbwa watatu wanachimba theluji mlangoni. Paka kaingia mwambani. Na huo ndo mwisho, huwezi kumtoa na Mzee hataki hata kujaribu. Aliwafunga kamba mmoja mmoja akiwasifu, akawapa kila mmoja kipande cha mafuta ya nguruwe kutoka mfukoni. Kucha za Hank mbili zilikuwa zinatoka damu.

Kurudi garini kulituchukua mpaka giza. Nilikuwa nimechoka hadi kula ni shida, na bado nilikuwa natamani kesho ifike.

Jumapili

Leo hakuna kuwinda. Jimbo la Maine sheria inakataza uwindaji Jumapili, na watu walishaipeleka mahakamani wakidai haki yao ya chakula iliyomo kwenye katiba, mahakama kuu ya jimbo mwaka 2024 ikasema katazo linabaki. Mzee kaenda kanisani. Mimi na Shem tukabaki na mbwa.

Kazi ya leo ni miguu. Kila mbwa analala ubavu karibu na jiko, unafungua vidole kimoja kimoja, unatazama kama kuna mpasuko, barafu inaganda kwenye manyoya ya katikati ya vidole na ikibaki inakata nyama. Unakata hizo nywele kwa mkasi mdogo, unasafisha, unapaka mafuta. Hank alipakwa dawa akafungwa bendeji. Ncha za masikio nazo zinakaguliwa, baridi inaziunguza. Chakula nacho kinaongezwa mafuta maradufu, maana mbwa anayekimbia siku nzima kwenye theluji anakula nguvu yake mwenyewe. Shem anafanya haya yote taratibu, anaongea nao Kiswahili, na Ruby naapa anaelewa "lete mguu".

Tulipika ugali wa unga wa Lewiston na maharage, nyama ya kulungu ya Mzee kwenye friza tukaichemsha na pilipili. Mzee alivyorudi akala akaongeza.

Jioni tukaongea kuhusu hii kesi ya mbwa, maana naijua iko hata majumbani kwetu, mke wangu mwenyewe hapendi. Kuna majimbo yameshakataa. Washington wananchi walipiga kura 1996 wakapiga marufuku kuwinda bobkati kwa mbwa. California ilitunga sheria 2012 ya kuzuia mbwa kwa dubu na bobkati, na kuanzia 2020 uwindaji wa bobkati ukapigwa marufuku. Jirani zetu New Hampshire walifunga msimu wake tangu 1989. Colorado waliulizwa Novemba 2024 kama wapige marufuku kuwinda paka wakubwa na bobkati, wengi wakasema hapana. Hapa Maine kura zilipigwa 2004 na 2014 kuhusu dubu, mbwa, chambo na mitego, pendekezo likaanguka mara zote mbili.

Hoja ya wanaopinga naielewa, mnyama anakimbizwa kwa masaa na kundi, anachoka, anaogopa, na hilo ni kweli, nimelisikia kwa masikio yangu jana. Hoja ya Mzee ni kwamba kwenye mti una muda. Unamtazama, dume au jike, mkubwa au mdogo, bobkati au kitu kingine, unaamua, na ukitaka unaondoka na mbwa wako naye anashuka baadaye anaendelea na maisha. Mtego haumuulizi aliyekanyaga ni nani. Mimi naona ana hoja, kwa sharti moja, awe ni mtu anayetazama kweli na anayeondoka kweli.

Shem aliongeza kitu ambacho kilimfanya Mzee aache kuvuta kiko. Alisema kule Kigoma mbwa wa kijijini walikuwa wanaingizwa kwenye mahindi kufukuza nguruwe pori usiku, hakuna aliyewafundisha kuacha chochote, na mbwa wengi walikufa kwa meno ya nguruwe kwa sababu hiyo. Mzee akasema mbwa asiyejua kuacha anakufa mapema kila mahali.

Jumatatu

Tulipanda juu zaidi, upande wa Rangeley, theluji ni ndefu kuliko kule bondeni. Asubuhi kabisa Shem akapiga kelele simama. Unyayo mkubwa ajabu, duara, upana karibu sentimita 10, na haujazama sana ingawa theluji ni laini. Popi alikuwa anatetemeka kwenye boksi, ameshapata harufu.

Linksi. Linksi wa Kanada ana miguu mipana inayomshikilia juu ya theluji laini, ndo maana anatawala kaskazini, wakati bobkati mwenye miguu midogo anazama na kupata tabu. Kwa mwili hawapishani sana uzito, ila linksi ana miguu mirefu, vishungi virefu vyeusi masikioni, na ncha ya mkia wake ni nyeusi pande zote, wakati wa bobkati ni mweusi juu na mweupe chini. Tangu mwaka 2000 linksi yuko kwenye orodha ya serikali ya shirikisho ya wanyama walio hatarini, na Maine ndo ina wengi kuliko jimbo lolote la chini ya Kanada. Mzee alipiga picha unyayo na tepu pembeni, akageuza gari, tukashuka tukaacha eneo lote lile, kilomita nyingi tu, maana hataki hata mbwa wakatize njia yake kwa bahati mbaya.

Mchana kulikuwa na paka mmoja aliyeanza vizuri halafu Belle akanyamaza. Tulimkuta kakaa, mdomo umejaa miiba ya nungunungu. Nungunungu wa huku anakaa mpaka juu ya miti, na miiba yake ina vijimeno vidogo vinavyorudi nyuma, ukiiacha inazidi kuingia ndani. Mzee akamlaza kwenye theluji, Shem kashika kichwa, mimi miguu ya nyuma, plaizi ikafanya kazi. Mwiba mmoja mmoja, kuvuta kwa mnyooko, damu kidogo, Belle analia puani lakini hakumng'ata mtu. Mmoja ulikuwa ndani ya ulimi. Mzee alimwekea kidole gumba mdomoni asifunge, akautoa, akambusu kwenye paji la uso mbele yetu bila aibu yoyote. Siku ikaishia hapo.

Jumanne

Theluji nyepesi ilianguka usiku tena. Belle kapumzishwa. Mzee akasema leo Popi ataenda na Ruby na Hank, na Shem hakula kitu asubuhi nzima.

Unyayo tuliupata kwenye njia ya zamani ya magogo, kwenye ardhi isiyo na alama ya rangi ya zambarau. Huku mtu akipaka mstari wa zambarau kwenye miti yake maana yake omba ruhusa kwanza, na Mzee anaheshimu hilo kuliko chochote. Dume tena kwa ukubwa wa hatua. Ruby akafunguliwa, Hank, halafu Shem akamshika Popi kidogo, akamnusisha, akamwachia.

Tulikuwa kwenye kilima tunaona bonde lote chini, miti isiyo na majani, kwa hiyo mara hii niliona kwa macho. Ruby mbele, pua chini, Hank nyuma yake, Popi mita thelathini nyuma. Wakakata uwanja wa kulungu, sehemu ambayo kulungu wanajikusanya msimu wa baridi na kukanyaga njia zao, na kulungu watatu wakatoka mbio mbele ya Popi, mikia myeupe juu, karibu kabisa, pengine mita ishirini. Popi akasimama. Kichwa kikageuka. Mguu mmoja wa mbele ukabaki hewani. Shem alikuwa na kidole kwenye kitufe cha kola, hakubonyeza. Nikamsikia anasema "hapana Popi, hapana Popi" kwa sauti ya kunong'ona ambayo mbwa asingeweza kuisikia kutoka pale. Popi akashusha pua, akazunguka kidogo, akapata njia ya Ruby, akalia ile sauti ndefu akaondoka nayo.

Mzee akampiga Shem bega mara mbili, hakusema neno. Shem alikuwa anafuta macho na mimi nikajifanya natengeneza kamera.

Haikuchukua muda mrefu baada ya hapo. Sauti zikapanda mteremko, zikashuka, halafu Ruby akabadilisha, kata kata kata, Hank akafuata, na alama za kwenye skrini zikabadilika kuonyesha mbwa wamesimama kwenye mti. Tulifika tukiwa tunahema. Msonobari mkubwa, Ruby kasimama kwa miguu ya nyuma mikono kwenye gome, Popi anaruka mpaka povu linamtoka. Juu kabisa kwenye tawi, kajilaza, paka anatutazama chini, masikio yamelala nyuma, macho ya njano hayapepesi. Mzee akatoa darubini, akasubiri mkia ugeuke, akaona weupe chini. Bobkati, dume, mkubwa.

Akamwambia Shem ni wewe na mbwa wako, uamuzi ni wako. Shem alikaa kimya muda. Kwanza tukawafunga mbwa wote mbali na mti, hii ni lazima, paka aliyejeruhiwa akiangukia katikati ya mbwa anawararua. Kisha akachukua bunduki ndogo ya .22, akapiga mara moja tu. Alianguka akiwa ameshakufa. Shem alipiga goti, akamwekea mkono ubavuni mpaka joto likaanza kuondoka, kisha ndo akamleta Popi anuse.

Usiku tulimchuna kwenye banda. Ngozi ya tumbo ni nyeupe yenye madoa meusi, laini sana. Tumboni kulikuwa na manyoya ya sungura. Nyama ya mapaja Mzee aliikata ikaingia sufuriani na vitunguu, ni nyeupe, inakaribia nguruwe, nilikula na sikuona tatizo.

Jumatano

Asubuhi tukapita kituo cha kusajili ngozi, ikapigwa lebo yake. Bila lebo huwezi kuuza, na kwenda nje ya nchi ndo kabisa, maana bobkati yumo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea pori, tangu miaka ya 1970, kwa ajili ya kuwalinda wale paka wengine wa nchi mbalimbali ambao ngozi zao zinafanana. Shem hataki kuiuza, anataka imalizwe vizuri iwe ya mama yake.

Tulirudi kwa barabara ileile, Popi kalala miguuni kwangu badala ya kwenye boksi, Mzee aliruhusu mwenyewe. Kabla hatujaachana akamwambia Shem kwamba theluji ijayo Popi aachiwe wa pili baada ya Ruby, Hank ndo afuate nyuma, na kwamba amuonyeshe ule mlima wa majabali mapema ili tumuwahi yule dume wa Jumamosi kabla hajafika mwambani. Msimu unafungwa Februari. Shem kashabadilishana zamu na jamaa wa usiku, na mimi nimeshaandika jina langu kwenye karatasi ya ruhusa, nasubiri tu bosi asaini.